Maji ya Hori kwenye Dania

Alfayo wa Nyakoe alikuwa na wake wawili. Bitutu, mkubwa, alikuwa na watoto, Joash na Nyaboke, na shamba lake la migomba. Mong'ina, mdogo, alilima dania bondeni akiwauzia Wahindi wa Kisii mjini. Mimi nilikuwa jirani yao. Ua tu ulitutenga.

Mwaka wa sitini na nane dania ile iliharibika. Ilidumaa, kingo za majani zikawa kahawia kama zimepitiwa na moto, na ikatoa maua mapema kabla ya kujaza majani. Ukiitafuna, ngumu, chungu. Wenye maduka wakaikataa.

Mong'ina akatangaza kisimani kwamba mke mwenzake ameiroga. Bitutu akacheka, akasema kama angekuwa na uwezo huo angeanza na mdomo wa Mong'ina.

Maneno yakamfikia Alfayo. Hakuwa mlevi, alikuwa Msabato. Alipiga akiwa na akili zake timamu. Alimchapa Bitutu kwa ukanda wa nira mbele ya watoto, kisha akashika mpini wa jembe. Mkono ulipovunjika niliusikia nikiwa kwangu.

"Rudi kwenu Marani," alimwambia. "Watoto ni wangu, niliwalipia ng'ombe. Nikikukuta hapa jioni nitakuzika kwenye hiyo migomba yako."

Bitutu akaondoka, mkono umefungwa kwa leso, damu ikimtoka sikioni. Watoto walimlilia mpaka sauti zikakauka.

Sasa, kwetu mtu akiwapa ng'ombe wake maji ya chumvi kwenye hori, wakishiba yeye huwaacha ng'ombe wa jirani walambe yanayobaki. Alfayo hakutaka. Ng'ombe wake wakimaliza, alisuuza hori kwa ndoo kadhaa za maji na kuyamwaga yote mferejini, ili ng'ombe wa mtu asionje chumvi yake. Mfereji ule ulishuka moja kwa moja hadi kwenye matuta ya dania.

Siku moja Mong'ina alikuwa bondeni akipanda mbegu upya, maji hayo yakamfikia miguuni. Akachovya kidole, akaonja: chumvi. Akatazama udongo: juu yake palikuwa na ukoko mweupe kama majivu. Akaubandua, akapanda nao hadi zizini.

"Baba Nyaboke, onja."

Alfayo akamwambia aende akapike. Mong'ina akamsukumia ule udongo mdomoni. Ngumi moja ya Alfayo ikamng'oa jino. Mong'ina akaokota shoka na kupasua hori vipande viwili. Alfayo akamkamata nywele, akamburura kwenye samadi, akamkaba koo, naye akizidi kuzungusha shoka bila kuona. Tuliporuka ua, vidole viwili vya mguu wa Alfayo vilikuwa vimelala kwenye nyasi.

Habari kwamba ni chumvi ya hori, si uchawi, zikafika Marani. Kaka zake Bitutu wakaja na marungu, wakamkuta Alfayo amelala kitandani, wakampiga hapohapo mpaka wazee wakawazuia. Bitutu alikuja nyuma yao, mkono bado kwenye vijiti. Wazee wakamuuliza anataka alipwe nini.

"Nimefuata nyumba yangu na watoto wangu," akasema. "Huyu asivuke mlango wangu tena."

Wazee wakakubali. Alfayo, mdomo umevimba, akaitikia kwa kichwa.

Mong'ina alikuwa amesimama njiani. Akaanza kusema, "Mama Joash, nisamehe, sikujua..." Bitutu akamzaba kofi kwa mkono mzima, moja tu, lililomkalisha chini. Akampita, akawaita watoto ndani, akafunga mlango.