Sharti la Kibali cha Fundi Idris

Bi Febronia, afisa kazi, alifika kiwandani kwetu Singida Mjini asubuhi, akaniamkia shikamoo, akafungua jalada la Fundi Idris. Idris ni Msudani anayeendesha mashine yetu ya kukamua alizeti. Ni mtu mwangalifu mno. Kila adhuhuri huizima mashine ndipo aende kuswali, hata Yasinta, muuza nyanya wa mlangoni petu, huijua saa ya swala kwa ukimya wa mashine. Kibali chake cha kazi kilikaribia kwisha, nami, niliye msimamizi, nilikuwa nimeomba kiongezwe ili atufungie mtambo mpya wa kusafisha mafuta.

"Ada mmelipa, na imepokelewa," alisema Bi Febronia. "Lakini ada peke yake haimbakishi mgeni. Kibali kilitolewa kwa sharti kwamba amfundishe Mtanzania kukamua. Mtanzania huyo yuko wapi?"

Nikamwita Eliana, binti wa Kiomboi, ambaye ameshinda na Idris mashineni tangu mvua za mwaka juzi.

"Hebu tuendeshee mashine, binti," afisa alimwambia.

Eliana alitazama chini. "Mimi sijui, mama. Nazoa mashudu tu. Anayejua ni fundi."

Nilishtuka, kwa kuwa nilikuwa nimemwona mara nyingi akiifungua mashine ile na kuirudisha. Idris aliweka spana juu ya gunia taratibu, kama mzazi aliyekanwa na mwanawe hadharani.

Bi Febronia akafunga jalada. "Kama hakufundisha, basi sina cha kupendekeza. Ataondoka."

"Ataondoka?" Eliana aliinua uso. "Mbona Benson aliniambia siku nikijua mimi, ndiyo siku fundi anapanda basi?"

Benson, dereva wetu, alijisogeza nyuma ya magunia. "Nilikuwa natania, jamani!"

"Utani wako uuache kwenye gari," nikamwambia.

"Sasa niamini neno la kwanza au la pili?" afisa aliuliza. "Kusema unajua si kazi."

Hapo Idris akaomba ruhusa, akavuta kigoda, akaketi akiutazama ukuta.

"Mzee huyu ni shahidi," alisema, akinielekezea mimi mkono. "Katika darasa la dini tulilosomea sisi, anayetaka idhini ya kusomesha husoma huku mwalimu amempa mgongo, asije akaongozwa na uso wake. Haya, binti yangu. Nisomee mashine."

Eliana alijifunga kanga kiunoni, akawasha. Alitia mbegu kidogo kwanza, akasubiri chuma kipate moto, kisha akaongeza. Mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yakatoka mazito, yenye unyevu wa mafuta. Mngurumo ukabadilika, mkono wa Idris ukainuka gotini. Kabla haujafika popote, Eliana alikwisha kukaza tundu la mashudu. Yakatoka membamba na makavu, na mafuta yakachuruzika yakimeremeta. Mkono wa Idris ukarudi mahali pake, na midomo yake ikamshukuru Mola.

Nimeishi chini ya sheria nyingi zinazomtaka mtu atoe fedha. Hii ilimtaka mgeni atuachie elimu, na mgeni akaiacha bila kubania hata chembe. Sikujua nimstahi yupi zaidi: aliyeandika sharti lile, au aliyelitimiza.

"Nitapendekeza kiongezwe, kwa ajili ya mtambo mpya," Bi Febronia alisema. "Uamuzi ni wa wakubwa wangu. Lakini na kwenye mtambo huo, fundi, nitakuja kumuuliza mwanafunzi."

"Mpeni Benson," Eliana akadakia. "Ajue yeye, tuone nani atapanda basi!"

Adhana ilipoadhiniwa, Idris alitawadha, akavaa kofia yake, akapita kando ya Eliana bila kuigusa swichi. Mimi naye tukatoka kwenda msikitini, mashine ikinguruma nyuma yetu.

Yasinta alitushangaa mlangoni. "Wazee, leo hamswali? Mbona mashine haijanyamaza?"

Idris hakusimama.

"Tunakwenda, mama," alijibu. "Yumo fundi ndani."