Inadi ya Kocha Radisav

Kocha Radisav alimchukia yule Mmarekani tangu alipomwona akitoa utepe wa fundi cherehani mfukoni. Haldane huyo, msaka vipaji, alikuja Čačak, mji wa Serbia, kumtazama Ognjen, mchezaji bora wa klabu, na hata kahawa hakuimaliza. Akaanza kumpima kijana mikono, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kama mtu aliye mnadani.

"Mikono mirefu," alisema Haldane, kwa Kiserbia alichojifunza kwenye simu. "Mizuri sana."

"Basi chukua mikono, mwili tuachie," Radisav alimjibu.

Watu gani hawa! Miaka nenda miaka rudi walituona washamba wa mpira wa kikapu, leo kila wiki wanatushukia na tepe zao. Kilichomuuma Radisav ni kwamba zilibaki mechi tatu za msimu, na bila Ognjen klabu ingeshuka daraja. Mwenyekiti wa klabu alishasema wazi: Haldane akimtaka, kijana anaondoka siku hiyohiyo.

Čačak watu hawakosi inadi, ule ukaidi wa kumkomoa mtu. Radisav akamvuta Ognjen kando.

"Mwanangu, leo hutupi mpira kikapuni. Hata mara moja."

"Kocha, si ataniona sijui kitu?"

"Ndiyo ninachotaka. Pasi tu. Hawa wanapenda mtu wa kuning'inia kwenye ringi kama nguo kwenye kamba. Mnyime."

"Mpaka lini?"

"Tukinusurika, nenda hata mwezini. Begi nitakubebea mwenyewe."

Ognjen alinuna, lakini hakuwahi kumbishia. Alipoanza, akiwa na miaka minane, Radisav alimkataza kudundisha mpira miezi sita mizima. Alipiga pasi ukutani tu, mpaka mama yake akaja kulalamika.

Mechi ya mazoezi ikaanza. Ognjen alipiga pasi za nyuma ya mgongo, pasi za kupenya katikati ya watatu, pasi kwa mtu ambaye hata mwenyewe hakujua kama yuko huru. Hakutupa kikapuni hata mara moja. Radisav alikaa benchi, mikono kifuani, akimtazama Haldane kwa dharau tamu. Andika, bwege wewe, andika.

Haldane aliandika. Kisha akaacha kuandika, akabaki kutazama tu.

Mechi ilipokwisha akaja mbio, uso umemwiva kwa furaha.

"Wafungaji tunao tele, hatuna hata pa kuwaweka. Huyu anaona uwanja mzima! Nani kamfundisha?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Radisav: kwamba ni bahati tu, kwamba kijana ana goti bovu. Lakini huyu mjinga wa utepe alikuwa ameuliza swali ambalo hapo mjini hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa miaka thelathini na moja ya ukocha.

"Mimi," alisema Radisav. "Nani mwingine angeweza?"

Haldane akatoa simu kumpigia mwenyekiti. Ognjen alisimama na taulo shingoni, akimtazama kocha wake, wala hakucheka.

"Begi langu liko chumba cha kubadilishia nguo, kocha."