Bonyeza Tena

"Haijasoma," mtoa dawa alisema bila kuinua macho. "Bonyeza tena, shemeji."

Mama Povu alikifuta kidole gumba kwenye gauni, akakipulizia pumzi, akakibandika upya kwenye kioo kidogo chekundu kilichowekwa chini ya nondo za dirisha la dawa. Mashine ililia. Mlio wake ulikuwa ule ule mmoja, wa ndiyo na wa hapana, na aliyejua maana yake alikuwa upande wa pili wa nondo.

"Bado. Vidole gani hivi, shemeji? Sabuni imekula mpaka jina lako!"

Watu kwenye foleni wakacheka. Naye akacheka nao, maana mwenye shida hachagui cha kuchekea.

Kilichomuuma ni kwamba aliamini. Tangu usichana wake alikuwa akifua nguo za watu, na ncha za vidole vyake zilikuwa laini, nyeupe, zenye mikunjo isiyonyooka hata siku za mapumziko. Hospitali ilipoleta mashine za vidole, wakaambiwa ni za kukomesha wizi wa dawa, naye akapiga makofi na wenzake uwanjani. Baadaye ndipo alipoanza kuionea haya mikono iliyomlisha. Kila siku ya dawa ilipokaribia, aliipaka mafuta ya kupikia na kuivika soksi kuukuu, mume wake akimtazama na kutikisa kichwa. "Wenzangu wameoa wake," alisema, "mimi nimeoa miguu minne."

"Haya, ya mwisho hii," mtoa dawa alisema. Mama Povu alibonyeza. "Ee, hapo sasa! Unaona ukinisikiliza?" Akausukuma mfuko wa vidonge chini ya nondo. "Msalimie Fundi. Mwambie ile suruali yangu asiigeuze pazia."

Mama Povu alimshukuru kutoka moyoni. Mwingine angemfukuza zamani, alifikiri, na vidole vyake vile.

Vidonge vilikuwa vya Fundi, mume wake, fundi cherehani, mtu mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikuwa na kifafa tangu utotoni. Akimeza dawa zake alikuwa mtu kama watu, anashona na kubishana na wateja. Akizikosa, huanguka. Kabla ya kuanguka hunyamaza ghafla, kisha mdomo wake huanza kutafuna taratibu, kana kwamba kuna tonge ndani, na tonge hakuna. Mama Povu akiona vile huacha chochote alichoshika na kukimbia.

Kadi ya matibabu ilikuwa kwa jina la mke. Siku ya kuandikisha kaya Fundi alikuwa amelala hoi baada ya kuanguka, basi karani akamwandika Mama Povu kuwa mkuu wa kaya. Tangu siku hiyo Fundi hakumpa pumzi. "Mkuu, chai ipo?" "Mkuu, naomba ruhusa niende chooni." Kidole kilichosajiliwa kilikuwa cha Mkuu, na bila kidole hicho Fundi hapati hata kidonge cha kichwa.

Mwezi uliofuata alifika dirishani na mafuta bado yanang'aa mikononi. Mtoa dawa hakutania.

"Kadi imefungwa."

"Imefungwa na nani, shemeji?"

"Huko juu. Mimi ni mtu mdogo, mama. Nenda ofisi ya ukaguzi."

Alimwita mama. Hilo lilimtisha kuliko habari yenyewe.

Ofisi ya ukaguzi walimwambia mkaguzi yuko semina, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo wakamwambia mtandao hauko sawa. Alivuka barabara akaulizia vidonge kwenye duka la dawa. Walipomtajia bei aliaga kwa adabu, akatoka. Nyumbani Fundi alikuwa akivikata vipande vidonge vilivyobaki, kisha navyo vikaisha.

Alianguka mchana, akipiga pasi suruali ya mteja. Mama Povu alikuwa uani, mikono ndani ya beseni. Pua yake iliwahi kunusa kitu kinaungua, akadhani ni kitambaa. Akawaza mwenye suruali atasemaje. Ndicho alichowaza kwanza, na hatajisamehe kamwe. Alipoingia ndani, Fundi alikuwa chini, anatetemeka, na pasi ya mkaa ilikuwa juu ya mkono wake wa kulia, ule wa kukatia.

Safari hii, hospitalini, Mama Povu hakukubali kurudishwa. Alimkalisha Fundi kwenye benchi la korido lililotazamana na dirisha la dawa, mkono umefungwa bandeji, akaenda kusimama mlangoni pa ukaguzi mpaka akaitwa.

Mkaguzi alikuwa binti mwenye sauti ya upole. Alisimama kumwamkia.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma yake ukutani palikuwa na bango la mkono mkubwa umeshika kikopo cha dawa: MFICHUE MWIZI WA DAWA. Mkaguzi aligeuza kompyuta kidogo, si kiasi cha Mama Povu kuona.

"Mama, mfumo wetu mpya umekukamata. Umechukua vidonge vya kifafa. Hiyo sawa, mzee wako anajulikana. Lakini siku hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, umechukua sindano za kisukari. Na dawa ya moyo. Kila mwezi hivyo hivyo."

"Mimi?"

"Kidole chako."

"Mwanangu, kwa dawa zote hizo ningeshakuwa marehemu."

"Ndiyo maana tunauliza ulikuwa unaziuza wapi."

Dakika hiyo hiyo. Mama Povu akasikia mlio wa mashine, ule mmoja. Akasikia foleni ikicheka.

"Yule kaka wa dirishani," alisema polepole. "Alikuwa ananiambia haijasoma. Bonyeza tena, haijasoma, bonyeza tena. Nami nabonyeza. Mungu wangu! Na asante nampa!"

Mkaguzi alitazama mlango, akashusha sauti.

"Nakuelewa, mama. Si wewe wa kwanza kusema hivyo. Lakini mashine inaonyesha kidole. Haimwonyeshi aliyesema bonyeza."

"Basi mwiteni, tuulizwe pamoja."

"Amehamishwa. Yuko hospitali kubwa sasa."

"Kwa kosa hili?"

"Kwa cheo," mkaguzi alisema, akaanza kupangapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Alieleza njia zilizokuwapo, kwa upole ule ule. Mama Povu akipinga, faili litakwenda kamati, na kamati haina tarehe. Kadi itabaki imefungwa. Akikiri kwamba kadi imetumika vibaya mikononi mwake, atapewa onyo, kadi itafunguliwa leo hii, na mzee atapata dawa zake kabla hajatoka getini. "Ila ikijitokeza tena, mama, hata mara moja, hapo ni mahakamani. Hapo mimi sina uwezo."

"Nikiri wizi ambao sikuufanya."

"Sikuandika wizi. Nimeandika matumizi mabaya."

Mama Povu alicheka kicheko kifupi kisicho na meno. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka. Miaka yote akifulia watu aliokota pesa mifukoni mwao na kuzirudisha zikiwa zimelowa, na leo anaitwa nani? Lakini mlango ulikuwa wazi kidogo, na kupitia pale aliona bandeji ya Fundi ikiwa imelazwa juu ya goti. Mnyonge hana haki, na mwenye mgonjwa hana hata muda wa kuidai.

"Lete kalamu."

"Siku hizi ni kidole, mama."

Mashine ilikuwa ya aina ile ile ya dirishani, kioo kile kile chekundu. Aliweka gumba bila kulifuta. Ikalia.

"Tayari. Imesoma."

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu. Kwa nini isisome?"

"Vidole vyangu vimefutika. Sabuni."

"Nani amekudanganya?" mkaguzi aliuliza, na safari hii alishangaa kweli. "Mashine hizi zinasoma hata vya wapasua mawe."

Mama Povu aliondoka bila kuaga. Kwenye korido Fundi aliinua uso.

"Wamesemaje, Mkuu?"

"Dawa tunapata. Kaa hapo hapo."

Foleni ilikuwa ndefu. Dirishani palikuwa na mtoa dawa mpya, mwanamke mwenye miwani na tabasamu zuri. Aliichukua kadi, akaitazama, akagonga vitufe vyake.

"Ooh, imefunguliwa leo. Pole kwa usumbufu, mama yangu. Weka kidole."

Aliweka. Mashine ikalia.

"Haijasoma," mtoa dawa alisema. "Bonyeza tena."

Mama Povu alimtazama machoni. Yalikuwa macho ya kawaida, ya mtu aliyechoka, yanayosubiri. Huenda kweli haijasoma. Mtandao husumbua, kila mtu anajua. Na mfuko wa vidonge ulikuwa pale, upande wa pili wa nondo, chini ya kiganja cha yule mwanamke.

"Umesema haijasoma?"

"Haijasoma, mama. Bonyeza."

"Hebu geuza hicho kioo nione."

"Hairuhusiwi."

"Mama, bonyeza tupite," mtu alisema nyuma yake. "Kidole tu hicho, kwani kinakatwa?" Foleni ikacheka.

Kidole gumba kilisimama juu ya kioo, hakishuki, hakirudi. Akageuka kumtazama mume wake, angalau amwone, angalau amtanie.

Fundi alikuwa amenyamaza. Mdomo wake ulikuwa umeanza kutafuna.