Swali Lisilotaka Jibu

...lisilohitaji jibu, eti, swali la balagha ni swali lisilohitaji jibu, na huyu mwalimu anaandika ubaoni kwa utulivu kabisa, hata hageuki kuona kwamba mimi hapa nimeacha kunakili, kwa sababu kumbe lina jina, miaka kumi na sita naulizwa mambo nyumbani kwangu mwenyewe na kumbe kitu chenyewe kina jina, kimo kitabuni kati ya takriri na tashihisi, watoto wa watu wanakikariri wafaulu mtihani, na mimi nilikuwa nakililia jikoni... "Wewe unajua nini?" ndivyo anavyouliza baba watoto, mbele ya wageni, mbele ya dada zake, siku ile mawifi wamekuja nikasema shati la kitani halipigwi pasi likiwa kavu, linataka unyevu, mimi ninayepiga pasi nguo za watu kwa dobi tangu kabla hajanioa, akacheka, wewe unajua nini, na mimi, mjinga mimi, nikalitafuta jibu, kwa dhati kabisa, nimesimama na sinia la vikombe najiuliza, kweli, najua nini, nikakosa la kusema, nikadhani kule kukosa ndiyo ushahidi kwamba kichwani hamna kitu, kumbe nafasi ya jibu haikuwepo, hata ningekuwa nalo gunia zima, mlango ulishafungwa kabla sijabisha, ni dhuluma hii, dhuluma tupu, na imepewa jina zuri hivyo, balagha... "Kuna swali?" anauliza mwalimu, na fundi baiskeli, kule nyuma, magoti yanamgusa kidevu maana madawati haya ni ya watoto wa darasa la pili, sisi watu wazima tunayaazima jioni, anapaza sauti, "Mwalimu, mimi nikisema nimekula ng'ombe mzima, hiyo si ndiyo balagha?" "Hiyo ni mubalagha, mzee wangu, kutia chumvi. Usichanganye." Darasa zima linacheka, mimi sicheki, joto limenipanda mpaka masikioni, na linazidi nikikumbuka barua iliyo mkobani, niliyoiandika leo juu ya meza ya pasi, Mwalimu, naomba kuacha masomo kwa sababu za kifamilia, sababu za kifamilia! hiyo nayo ni tafsida, tulisoma wiki jana, kulipaka neno mafuta lisiume, maana ukweli ni kwamba jana baba watoto aliuliza, "Hayo mashairi yatakusaidia nini?" nikakosa jibu tena, nikaona basi, yameisha, kipindi kikimalizika nampa mwalimu barua yake... simpi, ng'o, ataisikia kwenye bomba, naichana humuhumu mkobani kwa vidole viwili, kimyakimya, na leo baba watoto akiniuliza najua nini nitamwambia keti, tena keti vizuri, nianze na kitani, niende mpaka vina na mizani, nijibu moja baada ya jingine mpaka chai yake ipoe, tuone litaendelea vipi kuwa balagha swali lililojibiwa... "Mama wa dirishani," mwalimu amegeuka, ananinyooshea chaki, kijana mdogo, sawa na mdogo wangu wa mwisho, lakini adabu haimtoki hata siku moja, "hebu tupe mfano wa balagha. Wa maisha ya kawaida tu, si lazima utoke kwenye shairi." Mfano! mfano mmoja anamwomba mtu mwenye ghala, subiri, nakuja, nafungua mdomo, na kinachokuja ulimini si cha baba watoto, ni sauti yangu, yangu kabisa, ya leo asubuhi, tumechelewa, binti yangu amevaa sweta ndani nje, namvua kwa kumvuta, "Wewe una akili kweli?" na yeye akanitazama, ana miaka saba, akafikiri, nilimwona anafikiri, akasema, "Ninazo, mama"... utundu hakuwa nao, ameulizwa kajibu, na mimi je, nilimwambia nini, "Unanijibu?" hivyo, "Unanijibu mimi?" na hilo nalo, Mungu wangu, hilo nalo, kwa maana alifungua mdomo ajibu na hilo, kisha akaufunga, akaangalia viatu vyake, njia nzima mpaka langoni pa shule hakusema neno, hata kwaheri alinipungia mkono tu... nisimsingizie baba yake, mdomo ulikuwa wangu, nyumba nzima tulikuwa na mtu mmoja asiyeogopa swali, mmoja tu, na nimemnyamazisha mimi... "Mama? Tunakusubiri," chaki bado imenielekea, fundi baiskeli anakohoa, ninao mfano, mwalimu, ninao, ila nikifika nyumbani kuna mtu nitamuuliza jambo, lolote, umeshindaje, umecheza na nani, kisha nikae chini nilingane naye, ninyamaze, ninyamaze hivyo hivyo mpaka ajibu...