Kondoo wa Mwisho Kutoka

Mimi nikisimulia hadithi sipendi kukatizwa. Nalisema mapema usije ukadai sikukuonya. Mama yangu kule Ushirombo alikuwa akisema, "Huyu Epifania atakosa mume kwa hasira zake," na mwaka 1980, nikiwa na miaka ishirini na sita, mume kweli sikuwa naye. Nilikuwa na darasa la saba, wanafunzi arobaini na wawili, katika kijiji kimoja cha Kishapu ambako mvua ni bahati na ng'ombe ni wengi kuliko watu.

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, nilikuwa nawasomea hadithi za Wagiriki wa kale. Vitabu vya kuwagawia havikuwapo. Nilikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, nilimoandika mwenyewe kwa Kiswahili zile hadithi ndefu za vita na safari ambazo sista mmoja alitusomea chuo cha ualimu. Nilitamani siku moja daftari lile liwe kitabu cha watoto. Kwa hiyo nilifupisha bila huruma. Mapigano niliyabakiza yote, lakini mtu akianza kujisemea peke yake maneno marefu, nilikata, maana mtoto ukimchelewesha anaanza kuchora kwenye dawati.

Ijumaa moja ya Agosti ilikuwa zamu ya jitu. Hadithi yenyewe ni tamu. Mfalme mmoja mjanja anarudi kwao kutoka vitani kwa merikebu, anashuka kisiwani, anaingia na watu wake katika pango la jitu lenye jicho moja tu. Jitu limekwenda kuchunga. Wageni wanakula jibini lake huku wakilisubiri. Jioni linarudi na kondoo wake, linaziba mlango kwa jiwe kubwa, linawaona, linaanza kuwala wawili wawili. Mfalme analilevya kwa mvinyo, kisha analichoma lile jicho kwa mti uliochongwa ncha. Asubuhi kondoo wakitolewa malishoni, wageni wanatoka nao, kila mtu amejishikiza chini ya tumbo la kondoo.

Nilitegemea wapige makofi. Badala yake Jilala, mtoto wa mwenye duka, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao watu walipiga hodi?"

"Wampigie nani hodi, na mwenyewe hayupo?"

"Si wangengoja nje?"

"Waliingia, Jilala."

Darasa likaguna. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Na chakula cha mwenye nyumba wakala?"

"Walikuwa na njaa!"

"Basi ni wezi," akasema, na wenzake wakaitikia, "Wezi hao! Wezi!"

Nikawaka. Hebu fikiria, shujaa aliyesifiwa na dunia miaka elfu tatu, watoto wa Kishapu wanataka kumfikisha kwa mwenyekiti wa kijiji kwa kosa la kula jibini! Nikapiga meza. "Kimya! Shujaa ni mfalme. Jitu ni jitu. Linaishi peke yake, halina baraza, halina jirani, akili yake yote iko kwa mifugo!"

Wakanyamaza. Kisha Jilala, ambaye utani ukimjia mdomoni hawezi kuumeza, akasema, "Kumbe kama baba yake Mbuke!"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka.

Sifichi, nilicheka. Kijijini pale nilikuwa na miezi mitano, na baba yake Mbuke sikuwa nimemtia machoni hata siku moja. Nilidhani ni utani wa kawaida, kwamba mzee anapenda ng'ombe kuliko watu, na huko Usukumani hilo si tusi. Mbuke alikuwa dawati la tatu karibu na dirisha. Alifunga daftari lake taratibu, akanitazama mimi. Jilala hakumtazama kabisa. Kengele ikagongwa, wakatoka.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano nikawasikia watoto wa darasa la tatu wakimwimbia mtu kwa mbali barabarani, "Jitu! Jitu!" Nikamuuliza Mwalimu Mkuu, mwalimu Onesmo, kulikoni.

Akanishangaa. "Ina maana hujui? Bujiku, baba yake Mbuke, ana jicho moja."

Ee Mama Maria! Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Mbuke ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kwangu, na shule ile tangu ijengwe haikuwa imepeleka msichana hata mmoja sekondari. Tulikuwa tumeshakubaliana sote kwamba huyu ndiye. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza majuma matano, na mimi, kwa kicheko kimoja, nilikuwa nimemtoa darasani.

Tuliandika barua mbili, hazikujibiwa. Majuma mawili yakapita hivyo. Mwalimu Onesmo akasema sasa basi, atatuma mgambo, mzazi anayemzuia mtoto shule sheria yake ipo. Nikamwambia, "Nipe Jumamosi moja niende mwenyewe."

"Na ukishindwa?"

"Hapo utawatuma hao mgambo wako."

Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nikipanga yanageuka kuwa ugomvi, maana mimi nikiwa na kosa ndipo ninapokuwa mkali. Boma lilikuwa limezungushiwa ua wa minyaa. Bujiku alikuwa amekaa kwenye kigoda akichonga mpini wa shoka. Upande wa kushoto wa uso wake ngozi ilikuwa imejifunga palipokuwa na jicho.

"Shikamoo, Baba Mbuke."

"Marahaba, mwalimu. Mwadila," akaongeza salamu ya Kisukuma. "Karibu."

"Nimekuja kwa ajili ya..."

Akainua mkono. "Mgeni anakula kwanza."

Yakaja maji ya kunawa, ikaja michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, likaja bakuli la maziwa mgando. Mama Mbuke akanisogezea kila kitu karibu kama vile mikono yangu ni mifupi. Nilikula kwa tabu, kila tonge likinikumbusha nilichokuja kukifanya. Bujiku akaniuliza habari za mvua za Ushirombo.

"Ninyi Wasumbwa," akasema, "nasikia mnafuga nyuki kwa sababu nyuki hahitaji mchungaji."

"Na ninyi Wasukuma mnafuga ng'ombe mpate kisingizio cha kutolima," nikajibu. Mdomo wangu huu! Lakini akacheka, na mkewe akacheka.

Nilipokwisha kunawa akasema, "Haya, sasa sema."

"Nimekuja kumwomba Mbuke arudi. Mtihani umebaki majuma matatu. Usimzuie, mzee wangu."

"Mimi? Sikumzuia. Kila asubuhi namwambia nenda. Kakataa mwenyewe, anachukua fimbo anakwenda na mbuzi." Akaweka mpini chini. "Anasema hawezi kukaa mbele ya mwalimu aliyemcheka baba yake. Nikimlazimisha atakuja, ni mtoto mtiifu. Lakini atakuwa amekaa tu pale kama gunia. Hutamfundisha kitu."

Nikamwambia sikujua. Nikamwambia nilicheka kwa ujinga, na kwamba tangu siku ile silali vizuri. Yote yalikuwa kweli, ila niliyasema harakaharaka, kama mtu anayetaka kumaliza.

"Nisimulie hiyo hadithi," akasema. "Nimesikia vipande vyake barabarani. Nataka yote. Usinipunguzie."

Hapo niliogopa. Nilikuwa na daftari mkobani, lakini hadithi ya daftarini ilikuwa imepunguzwa. Basi nikaliacha humo, nikasimulia kwa kichwa kama sista alivyotusomea, tangu merikebu ilipotia nanga. Bujiku hakukatiza. Niliposema waliingia wakala, alitazamana na mkewe tu. Niliposema jitu liliwala watu, akatikisa kichwa, akasema, "Hilo baya." Nikafika penye jicho. Alisema nisimpunguzie, sikumpunguzia.

Kisha nikafika asubuhi, mahali ambapo watoto sikuwasomea.

Jitu limekaa mlangoni, halioni tena, linawapapasa kondoo mgongoni mmoja mmoja wakitoka. Wa mwisho kabisa ni dume kubwa, lile linalopendwa kuliko wote, na chini ya tumbo lake amening'inia mfalme. Jitu linamshika yule dume. Linamwambia, wewe huwa hukubali kutanguliwa. Majanini unafika wa kwanza, mtoni wa kwanza, jioni ndiye unayewaongoza wenzako kurudi. Leo umekuwaje hata ukabaki nyuma? Au unamsikitikia bwana wako kwa jicho lake? Ungekuwa na mdomo wa kusema ungeniambia aliyenichoma amejificha wapi. Kisha linamwachia, dume linatoka, na mfalme anatoka naye.

Nilipomaliza Bujiku alikuwa ameinamisha uso. Mama Mbuke akachukua bakuli, akaenda nalo jikoni ingawa lilikuwa bado na maziwa.

"Walikuwa watu watatu," Bujiku akasema baadaye. "Walisema wanakwenda Shinyanga mjini. Nikawapa chakula kama ulivyokula wewe, nikawatandikia ngozi. Alfajiri nikasikia zizi linafunguliwa, nikatoka, mmoja akanichoma na mkuki. Ng'ombe thelathini na nane. Hospitalini Kolandoto walinitibu vizuri, lakini jicho hili halikuwa la kupona, na hili lililobaki likavimba, nikakaa muda mrefu siamini kama litaona tena. Waliniachia mbuzi. Nilikuwa nakaa pale mlangoni asubuhi, nawapapasa wakitoka, nijue wametimia."

Nikageuka nikautazama mlango wa zizi.

"Mwamba ngoma huvutia kwake, mwalimu," akasema. "Hadithi hii kaisimulia yule aliyekimbia. Lakini hata yeye hakumsahau yule dume. Kwa nini wewe watoto hukuwaambia?"

"Niliona linachelewesha hadithi."

"Aa. Linachelewesha."

Hakusema kwa hasira. Laiti angenifokea, ningefoka nami, tukaisha. Niliona aibu, nikajifanya natafuta kitu mkobani.

"Jumatatu nitamleta," akasema akichukua tena mpini wake. "Waambie kama ulivyoniambia mimi. Akitaka kubaki atabaki. Asipotaka, nitarudi naye, na mgambo wakija watanikuta hapahapa."

Jumatatu walikuja kipindi cha kwanza. Watoto walipomwona Bujiku mlangoni, mnong'ono ukapita darasani, nami nikautazama mnong'ono ule mpaka ukafa. Nilimpa kiti changu. Mbuke akabaki amesimama karibu na baba yake. Kwenye dawati lake hakwenda.

Kuomba msamaha kwangu ni sawa na kung'olewa jino, tena mbele ya watoto ambao kutwa unawaambia mwalimu hakosei. Nikasema, "Ijumaa ile nilimcheka mzazi wa mwenzenu. Nilikosea. Na hadithi niliwasomea nusu. Baba Mbuke, nisamehe. Mbuke, nisamehe." Sauti ilitoka ndogo. Mwalimu Onesmo alikuwa dirishani, akajifanya anakagua paa.

Kisha nikasimulia, safari hii sikukata kitu. Nikawapa dume na maneno yote aliyoambiwa, taratibu, na kalamu hata moja haikugusa dawati. Jilala alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi. Nilipofika mfalme anapopanda merikebu na kwenda zake, nikafunga mdomo, maana hadithi huliacha jitu ufukweni, ikamfuata mfalme.

Jilala akanyoosha mkono. Nikajiandaa kwa lolote.

"Mwalimu," akasema kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake, "sasa kesho yake kondoo walichungwa na nani, naye haoni?"

Miaka elfu tatu hadithi ile inasimuliwa, na mimi sikuwahi kujiuliza. Nikafungua daftari nikijua fika kwamba jibu halimo.

"Mimi," Mbuke akasema.

Darasa zima likageuka. Alikuwa bado amesimama kando ya kiti cha baba yake, mkono mmoja begani pake.

"Niliwachunga mimi. Nilikuwa na miaka saba. Nilichunga miaka mitatu mpaka baba alipoona vizuri, ndipo nikaanza darasa la kwanza."

Aliutoa mkono begani, akaenda dawati la tatu karibu na dirisha, akakaa. Hakuna aliyecheka wala aliyeguna. Nami nikageukia ubao nikaandika hesabu za sehemu, kwa sababu mtihani ulikuwa umebakiza majuma matatu, na kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wanione.