Mkoromo Kwenye Sidii

Mshonaji aliolewa na seremala aliyekoroma hadi vikombe vikagongana kabatini, na mwenyewe alikana macho makavu. "Mimi hulala kama maji mtungini," alizoea kusema.

Basi siku moja mchana, mumewe alipolala usingizi wa pono, mkewe akaacha simu ikirekodi. Kisha akaenda dukani kuchomewa sauti hiyo kwenye sidii, maana seremala hakuamini neno lisilotoka kwenye redio yake kuukuu ya karakana. Alichagua sidii tupu ya bei chee. Kule karakana, redio ikaisoma kwa kusuasua: kho... kho-kho... kimya... kho.

"Hiyo pikipiki imegoma kuwaka," seremala akasema, akaendelea kupiga randa.

Mshonaji akarudi dukani amevimba kama andazi.

"Kwani ulirekodi nini, mama? Kwaya?" fundi wa kurekodi akauliza.

"Ushahidi."

Fundi akainua sidii moja kwenye mwanga wa dirisha. "Unaviona vidole vyangu kwa nyuma?"

"Vyote, na kucha moja inataka kukatwa."

"Hiyo achana nayo, ni nyepesi mno. Na hii?"

"Sioni kitu. Naona uso wangu tu."

"Hiyo ndiyo. Tena ni ya kuandikwa mara moja. Zile za kufuta na kurudia, redio za zamani huzikataa. Nitaichoma polepole, mama. Ukichoma kwa pupa, sauti inarukaruka."

"Mwanangu, ichome hata kwa mkaa, mradi aisikie."

Alipofika karakana alimkuta binti yao mkubwa amekuja kuwasalimu, mwanawe mchanga mgongoni akilia. Mshonaji akatia sidii redioni. Mkoromo ukatoka mzimamzima: ukapanda mlima, ukasita kileleni, ukaporomoka na mawe yake.

Seremala akaweka randa chini. "Haya," akasema taratibu. "Nimejisikia."

Mshonaji hakuwahi kupata raha kama ile, lakini haikudumu. Sauti ya pili ilipenya, nyembamba, ya puani, kama birika linalotaka kuchemka. Zikaanza kujibizana. Ndipo akakumbuka kwamba siku ile, baada ya kubonyeza simu, naye alijinyoosha kidogo kando ya mumewe.

"Na huyu anayeniitikia ni nani?" seremala akauliza.

"Labda paka."

"Hatuna paka."

Binti alicheka hadi akakaa juu ya maranda. Mama yake akanyoosha mkono kuzima redio.

"Msizime," binti akanong'ona. Mtoto, ambaye tangu azaliwe halali bila vita, alikuwa amelegea mgongoni, mdomo wazi.

Binti akaondoka na sidii kwapani. Haukupita muda, jirani yake mwenye mapacha naye akaagiza ya kwake. Mshonaji na seremala wakaenda dukani pamoja, wakibishana njia nzima ni sauti ya nani hasa iliyomlaza mjukuu.