Ndala za Wagonjwa wa Kompyuta

Haya kaniambia mjukuu wangu wa kike Ijumaa iliyopita, akinikata kucha. Kazi yake ni kuandikia kompyuta programu. Mumewe ni muuguzi, peke yake zahanati nzima, na mwezi huo alishasinzia wima na sindano mkononi. Ofisi ya afya ilimwagiza mke aiige foleni ya zahanati ndani ya kompyuta. Ikionekana haiendi, muuguzi wa pili ataajiriwa.

Basi akatafuta lugha. Kompyuta nazo zina lugha zake, kila moja na kazi yake. Ya kwanza ilikuwa na mbio, ila ilijua namba tu. Wagonjwa wakapita kama shanga, hakuna aliyekohoa. Ya pili ilikuwa nzito, asubuhi moja ya foleni ikala wiki. Ya tatu unamwandika kila mgonjwa peke yake, na maumivu yake, na haraka yake, na mwisho wa subira yake. Hiyo ndiyo ikafaa.

Alipoiwasha pale ofisini, akatoka ndani ya kompyuta mama mwenye mtoto mgongoni.

"Wa mwisho nani hapa?"

"Ni wewe, mama. Ndio kwanza umefika."

"Wauguzi wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Basi ngoja nivue ndala."

Akaziweka sakafuni zimshikie nafasi, akaenda kuegemea ukuta. Wakatoka wengine, nao wakavua. Kufika saa nne ndala zilikuwa zimepangana mpaka mlango wa choo, na wenyewe wamejaa ukutani, wanajipepea.

"Dada," alilalamika mwenzake wa meza ya pili, "wagonjwa wako wamemaliza maji ya kunywa."

"Waache, wana homa."

Mchana akaja mkuu wa ofisi. Akapenya katikati yao, "Samahani mama, nipishe kidogo," akasimama kutazama sakafu.

"Foleni iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mkuu."

"Hizo ni ndala, binti yangu. Ndala haziumwi. Mie sioni mtu kwenye mstari."

"Tuvae tuje tusimame?" akauliza mzee mmoja ukutani.

"Hapana, baba, pumzika tu, unaumwa," mkuu akamjibu kwa upole, akaandika kuwa muuguzi mmoja anatosha.

Mjukuu wangu akazima kompyuta. Wagonjwa hawakuondoka. Mfagiaji akafagia kuzizunguka ndala, akawaachia taa.

Jioni mumewe akarudi, macho mekundu. Mke akampa chai na habari yote.

"Lakini lugha umeipata?" mume akauliza.

"Nimeipata."

"Inafaa?"

"Inafaa sana. Wanakohoa kabisa."

"Haya. Angalau." Akataka kuongeza neno, kidevu kikamshuka kifuani. Mke akamtoa kikombe mkononi taratibu, akamfunika shuka palepale kitini. Kisha akategesha saa ya kumwamsha kwa zamu ya alfajiri, naye akajinyoosha mkekani, akalala.